Mashine ya Presha ya Petroli: Kuitumia, Kuitunza na Kutambua Inaumwa Nini

Mashine yangu ya kwanza ya presha, ile ya kuoshea kwa maji makali, ilikufa injini yake ikiwa nzima. Kamba ukiivuta mara moja ilikuwa inanguruma, moshi safi, sauti imetulia. Ila ukibonyeza kifyatuo cha bunduki, maji yalitoka kama ya mpira wa kumwagilia bustani. Fundi aliifungua pampu akanionyesha sili zake, yaani mipira midogo inayozuia maji yasivuje: zimekakamaa na kupasukapasuka kama kisigino kilichokosa mafuta. Akaniuliza swali moja tu: "Huwa unaiacha inanguruma huku umeachia bunduki?"

Nilikuwa nafanya hivyo kila siku. Nawasha, nakwenda kusogeza ndoo, natafuta sabuni, napokea simu, mashine inaendelea tu. Sikujua kwamba dakika hizo ndizo zilizokuwa zinaipika pampu.

Watu wengi huijali injini kwa sababu ndiyo yenye kelele. Pampu iko kimya pale pembeni, na ndiyo inayotangulia kufa. Mengi nitakayoyaeleza hapa yanarudi palepale: ipe pampu maji ya kutosha, safi, na usiyaache maji yaleyale yakizunguka ndani yake.

Maji yanapita wapi

Maji hutoka bombani, hupita kwenye chujio dogo la wavu pale mpira unapofungwa, kisha huingia kwenye pampu. Ndani mna pistoni, kwa kawaida 3, zinazopishana kuvuta na kusukuma. Kila moja ina vali mbili ndogo zinazoyaruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Kutoka hapo maji huingia mpira wa presha, bunduki, fimbo, na mwisho nozeli, ile ncha yenye kitundu cha kutolea maji.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba pampu peke yake haitengenezi presha. Kazi yake ni kusukuma kiasi fulani cha maji kila dakika. Kinachoyabana mpaka yawe makali ni kitundu chembamba cha nozeli. Ndiyo maana kitundu kikilika na kupanuka presha hushuka, hata pampu ikiwa mpya. Na maji yakiingia kidogo kuliko yanayotakiwa, presha hukosekana vilevile.

Sasa, ukiachia kifyatuo injini haisimami na pampu haisimami. Maji yaende wapi? Kuna vali maalumu ya kuyarudisha upande wa kuingilia. Yanaanza kuzunguka yaleyale ndani ya pampu, yakisuguliwa, na joto linapanda upesi. Pampu nyingi zina vali ndogo ya joto inayofunguka maji yakikaribia nyuzi 60 za Selsiasi na kuyamwaga chini. Ukiona maji ya moto yanachuruzika chini ya pampu wakati umeachia bunduki, imeshapata joto kupita kiasi. Bonyeza kifyatuo maji baridi yaingie, au zima.

Kanuni ninayoifuata mimi ni dakika 2. Nikijua nitaachia bunduki zaidi ya hapo, nazima injini. Kuvuta kamba tena ni kazi ndogo kuliko kununua pampu.

Ukiwa bado hujanunua

Usiangalie namba ya psi (kipimo cha presha) peke yake. Angalia na lita kwa dakika. Presha ndiyo inayobandua uchafu, wingi wa maji ndio unaouondoa. Kwa kazi za nyumbani kama sakafu, kuta, gari na uzio, mashine ya psi 2,500 hadi 3,000 (yaani baa 170 hadi 207 hivi) inayotoa lita 9 au 10 kwa dakika inatosha kabisa.

Halafu uliza pampu ni ya aina gani. Mashine za bei nafuu zina pampu ambayo sahani ya mshazari inasukuma pistoni fupi. Ni nyepesi na inafaa kwa kazi ya mara mojamoja. Nyingine ina pistoni 3 zinazoendeshwa na krenki (shafti yenye viwiko), kama injini. Hiyo ni nzito, bei iko juu, lakini inafunguliwa, inabadilishwa sili na kurudi kazini. Kama unataka kuifanyia biashara kila siku, nunua ya krenki. Ile ya sahani itakuliza.

Kabla ya kuvuta kamba

Fuata mpangilio huu kila mara, hata ukiwa na haraka:

1. Weka mashine nje, mahali tambarare na penye hewa. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Usiiwashe gereji hata mlango ukiwa wazi, wala karibu na dirisha la chumba wanamokaa watu.
2. Pima oili ya injini. Nyingi huchukua nusu lita na kidogo tu, kwa hiyo upungufu mdogo ni mkubwa. Usijaze kupita alama, maana oili ikizidi hupanda kwenye silinda na kutoa moshi wa buluu.
3. Weka petroli injini ikiwa imepoa. Ukimwaga juu ya sailensa yenye moto unajitafutia balaa.
4. Fungua chujio la wavu la maji, lisuuze, lirudishe. Usiwahi kulitoa ukaendesha bila hilo.
5. Pima maji. Chukua ndoo ya lita 20 na uijaze kwa mpira uleule utakaotumia. Ikichukua zaidi ya dakika 2, maji yako ni chini ya lita 10 kwa dakika na hayaitoshi mashine inayotaka lita 10. Tumia mpira mpana zaidi, au mfupi zaidi.
6. Funga mipira yote, fungua bomba mpaka mwisho, halafu bonyeza kifyatuo bila nozeli wala injini. Maji yatatoka yakikohoa hewa. Subiri mpaka yatiririke bila kukatika. Hapo ndipo pampu imejaa.

Hatua ya 6 ndiyo inayorukwa zaidi kuliko zote, nayo haichukui hata dakika moja. Pampu ikizunguka bila maji, sili zinasuguana na pistoni zikiwa kavu.

Baada ya hapo funga nozeli, fungua vali ya petroli, vuta choki (kidude cha kupunguza hewa inayoingia injini) kama injini ni baridi, na uvute kamba huku umebonyeza kifyatuo ili kusiwe na presha inayokupinga. Kama unashindwa kushika vyote viwili, bonyeza kifyatuo kwanza, achia, kisha vuta. Injini ikishika, rudisha choki kidogokidogo.

Nozeli na umbali

Rangi zimezoeleka karibu kila mahali, na namba zake ni nyuzi za pembe ambayo maji yanatawanyika. Nyekundu ni nyuzi 0, mstari mmoja mwembamba. Njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya sabuni. Mimi nyekundu huwa naiacha kwenye sanduku. Inachimba zege, inapasua mbao, na inaweza kuharibu tairi bila wewe kuona. Kwa gari tumia nyeupe na ukae mbali kiasi cha nusu mita, kwa sakafu ya zege kijani au njano, kwa mbao laini nyeupe tena, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana. Anza mbali, sogea taratibu mpaka uone uchafu unatoka. Hapohapo ndipo umbali wako.

Sabuni hufyonzwa presha ikiwa chini tu, yaani ukiwa umefunga nozeli nyeusi. Watu huhangaika na mpira wa sabuni saa nzima kumbe wamefunga ya kijani. Na usipitishe jiki kwenye mashine kama maelekezo yake hayakuruhusu. Inakula sili na vyuma laini.

Ukipaka sabuni ukutani, anzia chini kupanda juu. Ukisuuza, anzia juu kushuka. Ukianza juu na sabuni, mistari inayochuruzika kwenye ukuta mkavu huacha alama.

Kuna jambo moja nataka ulishike hata ukisahau mengine yote. Maji haya hupenya ngozi. Jeraha linaweza kuonekana kama alama ya sindano, damu kidogo tu, wakati ndani maji na uchafu vimeshasambaa kwenye nyama ya kidole. Hiyo ni dharura ya upasuaji. Nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama huumwi sana, na mwambie daktari waziwazi kwamba ni maji ya presha yaliyoingia chini ya ngozi, la sivyo anaweza kulisafisha kama mkwaruzo na kukurudisha nyumbani. Vaa miwani, vaa viatu vilivyofunika vidole, usimwelekezee mtu wala mnyama, na usijaribu kuziba uvujaji wa mpira kwa kidole. Soketi, mita na nyaya za umeme ziache kabisa.

Kuzima

Ukimaliza, na kama ulitumia sabuni, pitisha maji matupu kwenye njia ya sabuni kwa dakika moja au mbili. Zima injini. Funga bomba. Kisha bonyeza kifyatuo mpaka maji yaishe nguvu, ndipo ufungue mipira. Presha inayobaki kwenye mpira inatosha kumrushia mtu nozeli usoni. Mwisho vuta kamba polepole mara mbili au tatu injini ikiwa imezimwa, ili pampu iteme maji yaliyobaki.

Matunzo

Oili ya kwanza ya injini mpya hubadilishwa mapema, baada ya saa 5 kwa baadhi ya injini na saa 20 kwa nyingine. Hiyo ndiyo inayobeba vumbi la chuma la vyuma vinavyozoeana. Baadaye, kila saa 50 hadi 100 za kazi, au mara moja kwa mwaka kama unaitumia kidogo. Nyingi zinakubali 10W-30. Imwage injini ikiwa vuguvugu, hutoka yote na uchafu wake.

Oili ya pampu ni kitu kingine. Pampu ndogo nyingi zimefungwa kiwandani na hazina mahali pa kumwagia. Zile za krenki zina kioo kidogo cha kuchungulia. Kichungulie. Ukiona oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, sili za maji zimekwisha. Usiendelee kuitumia hivyo, maana krenki na beringi vitafuata.

Chujio la hewa ukilishika na linaacha vumbi mkononi, limechelewa. La sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi haliloweshwi, hugongwagongwa taratibu au hubadilishwa.

Plagi ya injini, ile inayotoa cheche, itoe mara mojamoja hata kama injini haisumbui, kwa sababu inasema mengi. Igeuze kwenye mwanga uangalie ncha yake. Rangi ya udongo au kijivu, mambo ni mazuri. Nyeusi yenye masizi makavu yanayofutika kwa kidole, petroli ni nyingi kuliko hewa: choki imeachwa au chujio limeziba. Nyeusi inayoteleza, oili inapanda. Imelowa na inanuka petroli, umevuta kamba mno na injini imefurika. Nyeupe kama chokaa, petroli ni haba na injini inachemka. Nafasi ya ncha kwa injini nyingi za namna hii ni milimita 0.7 hadi 0.8. Ukiirudisha, izungushe kwa vidole kwanza mpaka igote, ndipo ushike spana.

Petroli ndiyo inayozima mashine nyingi zilizokaa. Ikikaa mwezi mmoja au zaidi huanza kuchakaa, na yenye ethanoli huvuta unyevu wa hewani. Inaacha gundi kwenye jeti ya kabureta, kitundu chembamba ambacho hata uchafu usioonekana kwa macho unakiziba. Kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, funga vali ya petroli na uiache injini ifanye kazi, maji yakiwa wazi na bunduki ikitema, mpaka izimike yenyewe. Hapo kabureta imekauka. Ikikaa miezi, mwaga na tangi. Mahali penye baridi ya kugandisha, pampu ijazwe dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu barafu hupasua kichwa cha pampu.

Injini haiwaki

Anza na rahisi. Swichi imewashwa? Vali ya petroli imefunguliwa? Petroli ni ya lini? Oili imefika alama? Injini nyingi zina kihisi kinachokata moto oili ikipungua, na mtu anaweza kuvuta kamba mpaka bega liume huku tatizo ni oili ya vikombe viwili.

Ikiwaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha, au ikipanda na kushuka kama mtu anayehema, ni jeti iliyoziba. Funga petroli, fungua bakuli la chini la kabureta kwa boliti yake moja, utaona jeti katikati. Itoe, ielekeze kwenye mwanga: ukichungulia unapaswa kuona duara safi. Pitisha uzi mwembamba wa waya laini, puliza, nyunyizia dawa ya kabureta. Usitumie msumari wala kitu kinachoweza kukipanua kitundu.

Kamba ikigoma kuvutika, bonyeza kifyatuo, huenda presha ndiyo inayokupinga. Ikiendelea kugoma, toa plagi, sogea mbali na moto wa aina yoyote, vuta polepole. Ikilegea na kutema petroli au oili, silinda ilikuwa imejaa. Ikibaki ngumu vilevile, pampu imeshika au injini imeshika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Moshi mwingi baada ya kuilaza mashine kwa kawaida ni oili iliyovuja kwenye silinda na chujio. Ukilazimika kuilaza, upande wa kabureta na chujio uwe juu.

Injini inaunguruma, maji hayana nguvu

Hapa ndipo watu wanapoharakia kununua pampu. Nenda kwa zamu, kutoka kwenye nozeli kurudi nyuma.

Kwanza, nozeli iliyofungwa ni ipi? Ikiwa ni nyeusi, tatizo limekwisha. Pili, imeziba? Zima, ondoa presha, itoe, pitisha kiwaya kinachokuja na mashine, kisha ipitishie maji kwa nyuma. Mara nyingi hutoka chembe moja ya mchanga, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti, na hiyo ndiyo iliyokuwa inatikisa bunduki yote. Tatu, weka nozeli mpya ya ukubwa uleule ulinganishe. Nozeli ni kitu cha kulika, na yangu nilishawahi kuilaumu pampu bure kwa ajili yake.

Ikiwa bado, rudi kwenye maji. Mpira umejikunja? Chujio limeziba? Rudia kipimo cha ndoo. Presha inayokuja na kukatika, bunduki ikidunda mkononi, mara nyingi ni hewa inayofyonzwa mahali mpira unapofungwa. Badilisha oringi (pete ya mpira) ya pale, na kama unafunga viungio vya nyuzi, vizungushie utepe mweupe wa mabomba.

Ikidunda hata baada ya hayo, shuku vali ndogo za pampu, kwamba moja imeng'ang'ania au ina uchafu. Kwa pampu nyingi vifuniko vyake viko nje, unafungua kwa spana, unavuta vali, unasafisha, unarudisha na oringi mpya. Baada ya hapo, vali ya kurudishia maji, ambayo springi yake ikikwama wazi maji yote yanazunguka ndani. Utakuta wanaokushauri ukaze ile skrubu yake ili presha ipande. Usifanye hivyo. Ilipangwa kiwandani, na ukiikaza kupita pale vali inashindwa kufunguka kwa wakati, kisha presha inatafuta pa kutokea kwenye mpira au kichwa cha pampu.

Matone machache chini ya pampu yasikutishe. Mchirizi, au oili inayovuja kati ya pampu na injini, ni sili.

Ukifika mwisho wa orodha hii na maji bado hayana nguvu, pampu imekwisha. Ya sahani mara nyingi hubadilishwa nzima: pima kipenyo cha shafti ya injini (mashine ndogo za shafti ya kulala nyingi ni inchi 3/4) na nafasi za boliti kabla ya kwenda kununua, fungua boliti, ivute nje. Kama imeganda kwenye shafti, nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na uipe usiku mzima. Na kabla ya kusukuma mpya, paka shafti grisi, hakikisha ufunguo wake mdogo wa chuma umekaa kwenye mfereji, ndipo uisukume kwa mkono mpaka ilale sawa na injini.